Hezi 20 hadi 20,000: Nambari ya Boksi na Mashimo ya Njiani

Geuza boksi la iafoni za shilingi mia tatu katika duka la simu pale Mkongani, Kwale, kisha geuza boksi la hedifoni za elfu nane kule Ukunda au Diani. Kuna mstari mmoja utakaoukuta kwenye yote mawili: 20 Hz – 20 kHz. Umechapishwa kwa herufi ndogo, chini ya urefu wa waya na muda wa betri. Wengi hawausomi. Wanaousoma ni wa aina mbili: yuko anayeuamini, akaulinganisha na wa boksi la jirani kama mtu anayelinganisha ukubwa wa betri za simu, na yuko anayeudharau, akisema hayo ni maneno ya kuuzia tu. Wote wawili wamekosea, ila kosa la yule wa kwanza ndilo linalokula pesa. Mstari huo kwa kawaida hausemi uongo. Ubaya wake ni kwamba umekatwa katikati: unataja mwanzo na mwisho wa safari, unainyamazia njia.

Hezi ni hesabu ya mitikisiko kwa sekunde, na jina limetokana na Heinrich Hertz, mwanafizikia Mjerumani aliyefariki mwaka 1894. Hewa ikitikiswa mara 50 kwa sekunde tunasikia besi ambayo kifua huipokea pamoja na sikio. Ikitikiswa mara 8,000 tunasikia mchakacho wa mbegu ndani ya kayamba. Sikio la kijana mwenye afya hupokea kuanzia takriban hezi 20 hadi hezi 20,000. Umri unavyosogea, mpaka wa juu unateremka, na watu wengi waliopita miaka hamsini hawasikii kitu chochote cha juu ya 12,000 au hapo karibu. Sasa rudi kwenye boksi: nambari iliyopo pale ndiyo hiyohiyo. Tunachosoma, mara nyingi, ni sifa ya sikio la binadamu iliyohamishiwa kwenye karatasi ya hedifoni. Ni kama mgeni akuulize barabara ya pwani ya kusini ikoje, nawe umjibu kwamba inaanzia Likoni na kuishia Lunga Lunga. Hujamdanganya. Lakini yeye alitaka kujua kama kuna mashimo, wapi kuna matuta, na kama gari dogo litapita.

Mashimo ya sauti hupimwa kwa desibeli, na desibeli ndiyo inayokosekana kwenye maboksi mengi. Tuseme iafoni inatoa besi ya hezi 20 kwa nguvu iliyo chini kwa desibeli 30 kuliko inavyotoa sauti ya mtu anayezungumza. Kushuka desibeli 30 ni kubakiwa na sehemu moja ya elfu ya nguvu. Besi hiyo ipo, mtambo wa maabara utaiona, ila wimbo ukicheza hakuna atakayeisikia. Na bado mwenye kiwanda anaweza kuchapa "20 Hz" akalala usingizi. Ndiyo sababu watengenezaji waangalifu huambatanisha sharti: "± 3 dB", maana yake katika masafa yote yaliyotajwa sauti haipandi wala kushuka zaidi ya desibeli 3 kutoka kwenye kiwango walichokilenga. Ushahidi wa uzito wa sharti hilo uko kwenye HD 800, hedifoni ya kampuni ya Kijerumani ya Sennheiser iliyoingia sokoni mwaka 2009. Kampuni iliitangazia masafa mawili: hezi 14 hadi 44,100 kwa kushuka desibeli 3, na hezi 6 hadi 51,000 kwa kushuka desibeli 10. Hedifoni ni moja, haikuongezwa hata skrubu. Sharti lilipolegezwa, nambari ikavimba. Basi mtu na ajiulize: iafoni isiyotaja sharti lolote imelegezewa kiasi gani? Kwa sikio, kushuka desibeli 10 ni kama kusikia sauti imepungua nusu. Shimo la namna hiyo katikati ya wimbo linaweza kummeza mpiga gitaa mzima, na boksi lisitikisike.

Hata pale nambari inapokuwa ya kweli, hesabu yake humpotosha mnunuzi, kwa sababu sikio halipimi kwa kujumlisha bali kwa kuzidisha mara mbili. Kutoka hezi 20 hadi 40 ni hatua moja, ile wanamuziki wanayoiita oktavi. 40 hadi 80 ni nyingine. Na kwa hatua kumi hivi umefika 20,000. Kwa hiyo eneo lote la kutoka 10,000 hadi 20,000, ambalo kwenye karatasi linaonekana kuwa nusu ya mali, ni hatua moja kati ya kumi, tena ya juu kabisa, mahali ambapo hakuna mwimbaji anayeshikilia noti. Noti ya juu kuliko zote kwenye piano haifiki hata hezi 4,200; kinachobaki huko juu ni mwangwi mwembamba wa vyombo, ule ung'aavu wa njuga na matoazi. Hedifoni inayoishia 18,000 imepungukiwa na sehemu moja ya saba hivi ya hatua moja ikilinganishwa na inayoishia 20,000, na wengi hawatalitambua pengo hilo. Lakini inayoanzia 100 badala ya 20 imepoteza hatua mbili na zaidi: kishindo cha ngoma kubwa kimekwenda, na gitaa la besi, ambalo uzi wake mnene hutoa hezi 41 hivi, limebaki na mifupa tu. Anayelinganisha maboksi kwa kutazama nambari kubwa ya kulia anatazama upande usio na kitu.

Hapo ndipo linapokuja pingamizi la wapenda vifaa, kwamba hedifoni zinazofika 40,000 lazima ziwe bora. Iko hata nembo ya dhahabu ya Hi-Res Audio, inayosimamiwa na Chama cha Sauti cha Japani, ambayo hudai kifaa kifike hezi 40,000. Popo wa mapango ya Shimoni wanaweza kufurahia. Binadamu wa Shimoni hana sikio la kupokea. Na hata kama angekuwa nalo, sauti yenyewe haijasafiri hadi kwake. Redio za FM, ikiwamo Pwani FM, hurusha hadi hezi 15,000 hivi. Wimbo uliobanwa kwa MP3 ya kilobiti 128, wa aina inayozunguka kwenye simu na kwenye flashi za matatu, kwa kawaida hukatwa karibu na 16,000. Sidii, ambayo watu waliihesabu kuwa kilele cha usafi, huishia 22,050. Mtetezi mwerevu zaidi atajibu kwamba uwezo wa kufika 40,000 ni dalili ya spika nyepesi iliyotengenezwa kwa ustadi, na ustadi huo utaonekana hata chini. Huenda. Lakini hiyo ni dalili ya mbali, kama kumpima mpishi kwa weupe wa kanzu yake. Bora kuuonja wali.

Wali wenyewe uko katikati ya masafa, mahali ambapo boksi halitaji kitu. Msingi wa sauti ya mwanamume mzima uko kwenye hezi 100 na ushei, wa mwanamke karibu na 200, lakini maana ya maneno haikai kwenye msingi. Inakaa juu, kwenye konsonanti. Simu za zamani zilipitisha hezi 300 hadi 3,400 tu, na ndiyo maana mtu aliyetajiwa "thamani" upande wa pili aliweza kusikia "samani", au "dhana" ikageuka "zana". Vipambanuzi vya th na s, dh na z, viko kwa sehemu kubwa juu ya hezi 4,000, na simu ilikuwa imevikata. Ubongo hujaza pengo kwa kubahatisha kutokana na muktadha. Katika mazungumzo ya soko kubahatisha kunatosha. Lakini chukua mwanafunzi wa madrasa anayefuata kisomo cha Kurani kwa iafoni ili anyooshe tajwidi yake: kwake tofauti ya sini, swadi na tha si pambo, ndiyo somo lenyewe. Iafoni yenye shimo kati ya 4,000 na 8,000 itamfundisha makosa, na yenye kilima kirefu hapohapo itamchoma masikio kila msomaji anapofikia herufi hizo. Zote mbili zitauzwa kwa maandishi yaleyale, 20 Hz – 20 kHz.

Kinachohitajika, basi, ni umbo la njia: mchoro unaoonyesha kila sehemu ya masafa inatoka kwa nguvu gani. Mchoro huo hupatikana kwa kuivalisha hedifoni sikio la bandia lenye maikrofoni ndani. Kichwa maarufu cha kazi hiyo, KEMAR, kilitolewa na kampuni ya Marekani ya Knowles mwaka 1972, kwa vipimo vya wastani wa kichwa na kiwiliwili cha mtu mzima. Anayeuona mchoro kwa mara ya kwanza hudhani kwamba mstari ulionyooka kama rula ndio bora. Sivyo. Tundu la sikio ni mrija, na mrija huvumisha sauti fulani kuliko nyingine, kama chupa inavyovuma ukiipuliza. Wetu huvumisha karibu na hezi 3,000, kwa desibeli kumi na zaidi. Tangu utotoni tunausikia ulimwengu na kilima hicho ndani yake. Hedifoni hupeleka sauti sikioni kwa njia ya mkato, kwa hiyo isipokirudisha kilima, kila mwimbaji atasikika kama amefunikwa blanketi. Sean Olive na Todd Welti, watafiti wa kampuni ya Harman, walianza miaka ya mwanzo ya 2010 kuwauliza wasikilizaji wanapendelea umbo lipi, bila kuwaonyesha chapa ya kifaa. Wengi walipatana: kilima karibu na 3,000, besi iliyonyanyuliwa kiasi, na mteremko wa taratibu kuelekea juu. Wasikilizaji wa majaribio ya kulinganisha nchi walitoka Marekani, Kanada, Ujerumani na Uchina. Pwani haikuulizwa, na mtu aliyezoea besi ya harusi na ya matatu ana haki ya kushuku kwamba angeomba kidogo zaidi. Hata ndani ya majaribio yale walikuwepo waliotaka besi zaidi na waliotaka pungufu. Lakini kutofautiana kwenye kiasi cha chumvi hakumaanishi kwamba chakula hakina ladha inayokubalika; hakuna kundi lililoomba shimo la desibeli 15 katikati ya sauti ya mwimbaji.

Mwingine atasema haya yote yana njia fupi: nunua ya bei ghali, umemaliza. Ushahidi unakataa. Mwaka 2017 Jeroen Breebaart alichapisha katika jarida la Jumuiya ya Akustika ya Marekani ulinganisho wa vipimo vya hedifoni na iafoni 283 za bei tofauti, na hakuona uhusiano kati ya bei na mwitiko wa masafa. Pesa hununua vitu vya kweli: waya usiokatika karibu na pini baada ya wiki tatu, mito isiyobanduka, betri, uwezo wa kuzima kelele za nje. Mnunuzi wa Mkongani anayelipa zaidi kwa ajili ya waya ana akili timamu. Ila asidhani ameongeza pesa akapata umbo zuri la sauti; hilo ameliacha kwenye bahati. Juu ya hayo kuna bidhaa bandia, ambazo hunakili jina, rangi na boksi la chapa inayojulikana, na nambari ya nyuma nayo ikanakiliwa pamoja na nembo. Alama ya shirika la viwango la Kenya, KEBS, ikiwepo ni jambo jema, lakini haikwambii chochote kuhusu umbo la sauti.

Pingamizi zito kuliko yote ni lile la hali halisi. Ni nani Mkongani atakayeonyeshwa mchoro wa maabara? Iafoni za mia tatu hazina mchoro popote duniani, nyingine hazina hata jina linalodumu mwaka. Hoja ni ya kweli, lakini haiirudishii nambari ya boksi thamani isiyokuwa nayo. Inamrudisha mnunuzi kwenye kipimo kingine alichonacho bure, sikio lake mwenyewe, kwa sharti alitumie kwa utaratibu. Na utaratibu unaanzia kwenye kitu kidogo ambacho wengi hukitupa: kile kifuko cha vimpira vya ziada. Iafoni ya kuingiza ndani ya sikio hutoa besi kwa kutikisa kisima kidogo cha hewa kilichozibwa. Kimpira kikiwa kidogo kuliko tundu, hewa huvuja pembeni na besi huvuja nayo, desibeli kumi hata ishirini, bila kifaa kuwa na hitilafu yoyote. Watu wengi wana masikio mawili yasiyolingana. La kushoto linataka kimpira cha kati, la kulia kikubwa. Lichunguze pia lile chujio la waya kwenye mdomo wa iafoni ya zamani: nta ikiziba nusu yake, upande mmoja hufifia na mwenyewe akaamini imekufa. Iafoni ngapi zimetupwa jaani zikiwa zinahitaji pini na kitambaa tu!

Jaribio la dukani nalo lina mtego wake. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson, wa maabara za Bell huko Marekani, walionyesha kwamba sikio huisikia besi hafifu zaidi sauti inapokuwa chini, na huipata kamili zaidi sauti inapopanda. Matokeo yake ni kwamba kati ya iafoni mbili, inayopiga kwa sauti kubwa kidogo huonekana tajiri na kamili zaidi, hata kama ndiyo mbovu. Wauzaji wanalijua hilo bila kumsoma Fletcher. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha, sawazisha kwanza: mwimbaji asikike kwa nguvu ileile kwenye zote mbili, hata kama ni kwa kushusha simu vijiti viwili. Zima pia vile vikorombwezo vya "bass boost" kwenye simu, kwani vinapima programu, havipimi iafoni. Kisha cheza kitu unachokijua kwa moyo. Kwa mtu wa Kwale hakuna kipimo kizuri kuliko rekodi safi ya sengenya ya Wadigo, maana ngoma hiyo imejaza masafa yote kwa vyombo vya kienyeji. Ngoma kubwa zisikike kila moja kwa noti yake. Zikivuma zote kama ngurumo moja, besi imevimba, haina umbo. Kayamba isikike mbegu kwa mbegu. Ikigeuka kuwa mvua juu ya mabati, sehemu ya juu imeharibika. Upatsu ulie kama chuma kilichogongwa, usilie kama kijiko ndani ya kikombe. Nzumari ndiyo hakimu wa kilima cha 3,000: iite, isichome. Anayependelea taarabu afanye vivyo hivyo kwa fidla na sauti ya mwimbaji. Jaribio la dakika tano la namna hii litakwambia mambo ambayo boksi halikukusudia kuyasema.

Ukitoka dukani unaingia kwenye kelele za barabara, na hapo suala linaacha kuwa la starehe. Mngurumo wa matatu na tuktuk umejaa masafa ya chini, na hufunika kwanza besi. Abiria anayeikosa besi haondoi iafoni, anapandisha sauti. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha usalama kwenye desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zinazoongezwa hukata muda huo nusu: kwa desibeli 89 umebakiwa na saa tano tu. Kwa hiyo iafoni inayoziba vizuri, ikakuwezesha kusikiliza chini, ina faida kwa sikio kuliko inayofika 40,000 lakini inavuja. Kwa mwendeshaji wa bodaboda hesabu ni nyingine: kuziba ndiko hatari, na iafoni bora kwake awapo njiani ni ile iliyo mfukoni.

Yabaki mambo ya haki. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mlaji haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa na habari zinazohitajika ili afaidike nazo kikamilifu, na Sheria ya Kumlinda Mlaji ya 2012 inakataza madai ya uongo. "20 Hz – 20 kHz" isiyo na desibeli inakwepa sheria kwa ujanja: si uongo, ila si habari pia. Haimfai mtu kumlaumu mwenye kibanda cha Mkongani, ambaye naye alinunua katoni kwa jumla Mombasa bila kuelezwa lolote. Mzigo ni wa anayeleta bidhaa nchini, na wa wanaoandika viwango. Kuongeza "± dB" kwenye boksi hakugharimu wino wa maana. Mwenye kibanda anadaiwa kitu kimoja tu, nacho ni kumruhusu mteja ajaribu. Atasema nta ya masikio ni uchafu, na kweli ni uchafu. Lakini iafoni moja ya mfano, chupa ya spiriti na pamba ni gharama ndogo kuliko mteja asiyerudi. Nenda na simu yako na nyimbo zako. Akikataa kulifungua boksi, pesa zirudi mfukoni.